SUDAN: JANI LA HINA MBELE YA SAYANSI



Habari zinazotoka Sudan siku hizi aghalabu ni habari za vita. Tangu tarehe 15 Aprili 2023, mapigano yalipozuka Khartoum, dunia imezoea kusikia jina la nchi hiyo pamoja na jina la mzinga na la mkimbizi. Lakini nchi haiwi vita peke yake. Sudan ilipakana na Kenya na Uganda mpaka Sudan Kusini ilipopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, na hata baada ya hapo imebaki kuwa jirani wa jirani zetu, yenye desturi nyingi zinazofanana na zile za pwani ya Afrika Mashariki. Moja ya desturi hizo ni kujipaka hina. Katika mazungumzo ya leo tutaeleza mambo mawili: kwanza, yale ambayo sayansi imeyapata katika jani la hina, na pili, hatari iliyojificha ndani ya chombo cha hina, ambayo madaktari wa Khartoum walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuipigia mbiu.

Mti wa mhina hustahimili jua kali. Nchini Sudan hulimwa kando ya mto Naili, kaskazini ya Khartoum, katika sehemu kama vile Berber na Ed Damer, na majani yake yaliyokaushwa na kusagwa huuzwa ndani na nje ya nchi. Msudani hukutana na hina katika kila hatua kubwa ya maisha yake. Bibi arusi hupambwa kwa hina mikononi na miguuni, na bwana arusi naye hupakwa viganjani na nyayoni, awe mkulima, mwalimu au askari. Wazee huitumia kwa ndevu na mvi. Tena hina ni dawa ya nyumbani: hubandikwa kichwani mtu aumwapo na kichwa, hupakwa nyayo zinazowaka moto, na hutiwa katika vidole vya miguu vilivyoliwa na fangasi. Mambo hayo si mageni kwa watu wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja.

Jina la kitaalamu la mti huu lina historia inayowahusu askari. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuita Lawsonia inermis. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya rafiki yake, Isaac Lawson, daktari wa Scotland aliyelitumikia jeshi la Uingereza, na ambaye alisaidia kugharimia uchapishaji wa kitabu cha Linnaeus mwaka 1735. Neno la pili, inermis, ni la Kilatini, na maana yake ni "asiye na silaha", kwa sababu mti huu ukiwa mchanga hauna miiba. Msikilizaji aliweke jina hilo akilini, kwani litatufaa mbele.

Je, ni kitu gani kilichomo ndani ya jani hilo? Wanakemia wamekitenga kiini cha rangi yake na kukiita lawsoni. Katika majani makavu kiini hiki ni kidogo sana, aghalabu kati ya nusu na moja na nusu kwa kila sehemu mia. Unga wa hina ukirowekwa kwa maji yenye uchachu kidogo, kama maji ya ndimu, lawsoni hutoka katika jani, hupenya utando wa juu wa ngozi, na kushikamana na protini iliyo katika ngozi, kucha na nywele. Mshikamano huo ni wa kikemia, si wa kupaka juu tu, na ndiyo sababu sabuni haiuondoi. Rangi hukolea zaidi viganjani na nyayoni kwa kuwa utando wa ngozi huko ni mnene, na hufifia baada ya wiki moja hadi tatu, kadiri ngozi ya zamani inavyobanduka. Rangi hiyo huwa ya machungwa, nyekundu au hudhurungi. Haiwi nyeusi. Hilo nalo tuliweke akilini.

Tukianza na manufaa, jambo la kwanza linahusu malaria, adui wa kila jeshi linalolala porini. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia. Majeshi yaliyokuwa yakipigana nao yalijikuta hayana dawa ya kutosha. Nchini Marekani, mwanakemia Louis Fieser wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waligeukia jamii ya kemikali ziitwazo naftokwinoni, ambayo lawsoni ni mmoja wa ndugu zake. Walitengeneza na kujaribu nyingi, lakini vita viliisha kabla ya kupatikana dawa ya kufaa. Kazi hiyo haikupotea. Miaka mingi baadaye ilizaliwa atovakwoni, dawa ambayo umbo lake la kikemia ni lile lile la lawsoni likiongezewa mkia. Ikichanganywa na proguanili hutumika kutibu na kuzuia malaria. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2000, na askari wanaopelekwa katika nchi zenye malaria ni miongoni mwa wanaoitumia.

Hapo hapana budi kusema jambo kwa mkazo. Undugu wa kikemia si sawa na kuwa dawa. Chuma cha jembe na chuma cha bunduki vyote ni chuma, lakini hakuna anayelima kwa bunduki. Atovakwoni ilitengenezwa maabara, ikapimwa kwa wanyama, kisha kwa watu, mpaka kipimo chake na madhara yake vikajulikana. Majani ya mhina hayajapita katika njia hiyo. Kwa hiyo askari anayekunywa maji ya hina akidhani anajitibu malaria anajidanganya, na anaweza kujidhuru.

Jambo la pili linawahusu zaidi ndugu zetu wa Polisi. Mtu anaposhika karatasi, jasho la vidole vyake huacha humo asidi amino ambazo jicho halizioni. Tangu mwaka 1954, watafiti wawili wa Uswidi walipoonyesha njia, wapelelezi duniani wamekuwa wakitumia kemikali iitwayo ninhidrini ili kuzifichua alama hizo, nazo hutokea kwa rangi ya zambarau. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Australia, wakishirikiana na Joseph Almog wa Chuo Kikuu cha Hebrew cha Yerusalemu, walitangaza kwamba lawsoni nayo inaweza kufanya kazi hiyo. Karatasi ikitiwa lawsoni na kupashwa joto, alama za vidole hutokea kwa rangi ya zambarau iliyochanganyika na hudhurungi. Zaidi ya hayo, alama hizo hung'aa zikimulikwa kwa taa maalumu na kutazamwa kupitia kioo cha kuchuja mwanga, jambo lenye faida pale karatasi yenyewe inapokuwa na rangi au maandishi mengi. Njia hii haijachukua nafasi ya ninhidrini katika kazi za kila siku. Hata hivyo, inaonyesha jinsi elimu inavyokwenda: sifa ile ile inayoifanya hina ishike kiganja cha bibi arusi, yaani kushikamana na chembe za protini, ndiyo inayoiwezesha kushika alama ya kidole cha mhalifu.

Jambo la tatu ni kutu. Kaskazini ya Sudan, nchini Misri, wanakemia El-Etre, Abdallah na El-Tantawy walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuvijaribu vipande vya chuma, nikeli na zinki katika maji yenye tindikali na maji ya namna nyingine, yakitiwa maji ya majani ya hina. Waliona kuwa metali hizo zililika polepole zaidi. Maelezo yao ni kwamba chembe za hina huganda juu ya uso wa metali na kuwa kama ngao nyembamba. Watafiti wa Iran nao walitangaza matokeo ya namna hiyo mwaka 2009. Majaribio haya yana maana kwa viwanda vinavyotafuta kinga ya kutu isiyochafua maji na udongo. Lakini hayampi askari ruhusa ya kusafisha silaha yake kwa hina! Jaribio la kipande cha chuma ndani ya bilauri si jaribio la mtutu wa bunduki kwenye mvua. Mafuta yaliyoamriwa na kikosi ndiyo ya kutumia.

Na tiba je? Katika maabara za nchi mbalimbali, maji ya hina yameonekana kuzuia ukuaji wa baadhi ya vijidudu na fangasi. Nchini Uturuki, madaktari wawili walichapisha mwaka 2008 habari za wagonjwa 10 wa saratani ambao dawa yao, kapesitabini, iliwaunguza viganja na nyayo. Walipopakwa hina, wengi walipata nafuu. Habari hiyo inatia moyo, lakini wagonjwa 10 ni wachache, na hapakuwa na kundi la pili lisilopakwa hina ili kulinganisha. Watafiti wenyewe huliita jambo la namna hiyo mwanzo, si mwisho. Hivyo hina kwa fangasi wa vidole, anaowafahamu vizuri kila askari avaaye buti mchana kutwa, ni jambo lenye dalili njema, wala si badala ya dawa ya zahanati, soksi kavu na miguu iliyooshwa.

Ndugu wasikilizaji, hayo ndiyo manufaa, na sasa turudi Khartoum. Rangi ya hina halisi huchukua saa nyingi kukolea. Bibi arusi wa zamani alilala nayo usiku kucha. Watu walipotaka rangi nyeusi, tena kwa haraka, walianza kuchanganya unga wa hina na kemikali ya viwandani iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo hutumika katika rangi za nywele. Sokoni huuzwa ikiwa vipande vigumu au unga mzito, na watu wameizoea kuiita jiwe. Kwa kemikali hiyo rangi hukolea kwa muda mfupi. Wahenga walisema, kikulacho kimo nguoni mwako. Jiwe hilo liliingia nyumbani mwa watu likiwa limevaa nguo ya hina, na kwa kuwa hina haikuogopwa, nalo halikuogopwa.

Mwaka 1983 madaktari waliofanya kazi Sudan walichapisha katika majarida ya Uingereza, mojawapo likiwa Lancet, habari za wagonjwa waliodhuriwa na kemikali hiyo baada ya kuingia mwilini. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Khartoum walichapisha habari za watoto 31 waliofikishwa hospitali kwa sumu ya mchanganyiko wa hina na PPD. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walifariki dunia. Wengine walikuwa wameila kwa bahati mbaya, kwa kuwa ilikuwa imewekwa mahali ambapo mkono wa mtoto hufika. Watu wazima nao wamekufa kwa sumu hiyo, na si Sudan tu: Morocco, India na Pakistan zina habari kama hizo.

Inafaa kila askari azijue dalili zake, kwa sababu askari ndiye mara nyingi wa kwanza kufika. Katika muda wa saa chache uso, ulimi na shingo huvimba, na koo huziba. Mgonjwa hushindwa kumeza, kisha hushindwa kupumua, na hapo ndipo wengi hufa kabla ya kumwona daktari. Anayepona hatua hiyo hukabiliwa na ya pili: misuli huuma na kuharibika, mkojo hugeuka kuwa mweusi au hudhurungi, figo huziba na kuacha kufanya kazi, na moyo waweza kudhurika. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuiondoa. Kinachookoa maisha ni mambo matatu: njia ya hewa, hata kama ni kwa daktari kutoboa koo, maji mengi ya mishipani, na kusafishwa damu kwa mashine iwapo figo zimegoma. Yote matatu hupatikana hospitali, si kituoni wala kambini. Kwa hiyo dakika zinazopotea kwa kumnywesha mgonjwa maziwa na kusubiri kuona itakuwaje ni dakika za uhai wake.

Hata bila kuliwa, kemikali hii hudhuru. Ikipakwa ngozini, baadhi ya watu hupata malengelenge na makovu yanayofuata michoro ile ile waliyochorwa. Mbaya zaidi, mwili huweza kuikumbuka maisha yote. Mtu aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika tena kwa rangi ya nywele, kwa baadhi ya rangi za nguo nyeusi, au kwa baadhi ya dawa za ganzi. Ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kemikali hiyo katika rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi sehemu 2 kwa 100, na haziruhusu ipakwe ngozini. Marekani nayo haijaidhinisha ipakwe ngozini. Hapa kwetu pwani, rangi nyeusi ya kuchorea ijulikanayo kwa jina la piko hutengenezwa mara nyingi kwa rangi hizo za nywele. Kwa hiyo habari hii si ya Khartoum peke yake.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba hata hina halisi ina watu wasiofaa kupakwa. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo uko zaidi katika nchi zenye malaria, Afrika ikiwamo, na jeshi lina sababu ya kuujua: ulitambuliwa mwaka 1956 baada ya uchunguzi wa muda mrefu kuhusu watu ambao damu yao iliharibika walipopewa primakwini, dawa ya malaria waliyokuwa wakipewa pia askari wa Marekani waliorudi kutoka Korea. Lawsoni inaweza kuleta madhara ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2001 madaktari wa Falme za Kiarabu walieleza habari za watoto wanne wenye upungufu huo ambao chembe za damu zao zilipasuka kwa wingi baada ya kupakwa hina, hata maisha yao yakawa hatarini. Mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni nyembamba na hali ya damu yake haijapimwa, asipakwe hina mwili mzima, hata kama bibi yake anasema ndiyo mila.

Tukiyajumlisha yote, tunaona kuwa mambo ya hina yako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyothibitika: hina ni rangi nzuri ya nywele na ngozi kwa mtu mzima mwenye afya. Mwaka 2013 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Ulaya iliikubali kuwa rangi salama ya nywele, mradi lawsoni yake isizidi sehemu 1.4 kwa 100. Fungu la pili ni yanayochunguzwa: alama za vidole, kinga ya kutu, fangasi na vidonda. Fungu la tatu ni yanayoua: jiwe lililochanganywa, na hina kwa mwenye upungufu wa G6PD. Kosa kubwa ni kuyachanganya mafungu haya, mtu akachukua sifa za fungu la kwanza na kuzivika la tatu.

Kwa ndugu zetu walio kazini, wajibu unafuata hapo. Askari polisi anayeandika habari za kifo au ugonjwa wa namna hii asiridhike kuandika katika kitabu cha matukio kwamba mtu "amedhurika kwa hina". Aandike alichokiona: rangi ya mchanganyiko, chombo, karatasi ya kufungia, na jina la muuzaji likijulikana. Mabaki yahifadhiwe na kupelekwa kwa mkemia wa serikali, na daktari aambiwe mapema kwamba huenda ni rangi ya nywele. Neno moja lisilo sahihi katika kitabu laweza kumwacha muuza sumu sokoni na kuliharibia jina jani lisilo na hatia. Pale inapoonekana kuwa mtu aliinywa kwa makusudi kwa sababu ya huzuni au ugomvi, atendewe kama mgonjwa, siri yake itunzwe, na jamaa zake wasaidiwe.

Naye askari anayejiandaa kwa harusi yake, au mzee wa kikosi anayetaka kuficha mvi, ajifunze kupima kwa macho. Hina inayogeuza ngozi kuwa nyeusi ti kabla saa moja haijaisha yapasa kushukiwa. Zipo rangi za majani, kama ile ya mnili, ambazo hutia giza nywele zilizopakwa hina. Lakini muuzaji asiyeweza kusema ameweka nini ndani ya bakuli yake hastahili kupewa mkono wa mtu aupake.

Vita vimevuruga vyuo na hospitali za Khartoum, na wengi wa wataalamu wake wametawanyika katika nchi za jirani. Lakini elimu waliyoiandika imebaki, nayo ni mali yetu pia. Wametuonyesha kwamba Linnaeus hakukosea sana kuuita mti huu asiye na silaha. Silaha haikuota katika mhina. Ilitiwa ndani ya bakuli na mkono wa binadamu mwenye haraka. Na silaha iliyotiwa na mkono wa binadamu, mkono wa binadamu waweza kuiondoa.